Mzigo wa Mwenzio: Mkisafiri Mbali kwa Ndege na Watoto Wadogo



Liko swali ambalo mume na mke wengi hawalizungumzi mpaka limekwisha kuwagombanisha. Kitu kinapopunguzwa bei, ile sehemu iliyopunguzwa hulipwa na nani? Mara hii tutalitazama swali hilo kwa njia ya jambo ambalo siku hizi si geni kwetu Mwea, yaani safari ndefu ya ndege, katika daraja la kawaida, pamoja na watoto wadogo.

Tangu miaka ya 1990 familia nyingi za Kenya, zikiwamo za pande hizi za Mlima Kenya, zimehamia Marekani. Wengine walifuata masomo, wengine kazi ya kuuguza wagonjwa na wazee, wengine walipata viza za bahati nasibu. Mara nyingi hawakuondoka wote siku moja. Mmoja alitangulia, akatafuta kazi na nyumba, kisha mwenzake akafuata na watoto. Wengine wanaishi huko tayari na huja nyumbani mara moja katika miaka kadhaa ili nyanya awaone wajukuu. Kwa vyovyote vile, kuna siku ambapo mtu mzima mmoja au wawili wanaingia ndani ya ndege na mtoto wa kunyonya mkononi na mwingine ameshika nguo. Siku hiyo ndoa hupimwa kwa namna ambayo hawakuitarajia.

SAFARI YENYEWE

Kwanza tuielewe safari, maana huwezi kugawa mzigo usioujua uzito wake.

Kutoka Ngurubani mpaka Nairobi, kupitia Makutano na Thika, ni kama kilomita 100. Huo ni mwanzo tu. Tarehe 28 Oktoba 2018 shirika letu la ndege lilianza safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, na kwenda ni kama saa 15 hewani. Kabla ya hapo ilikuwa lazima kubadilisha ndege njiani, na hata leo wengi wanafanya hivyo kwa sababu nauli yake mara nyingi ni nafuu: wanapitia Addis Ababa, Doha, Istanbul au Amsterdam, na safari nzima inaweza kuchukua siku moja na zaidi. Ndege iliyoanza kazi hiyo, Boeing 787, ilikuwa na viti 234, na 204 kati ya hivyo ni vya daraja la kawaida. Viti hivyo hupangwa tisa kwa kila mstari, vitatu vitatu. Kutoka kiti chako mpaka kile cha mbele ni kama inchi 32. Mtu mzima akikaa, magoti yake yanakaribia kugusa mgongo wa kiti cha mwenzake.

Sasa mtoto. Mtoto ambaye hajafika miaka 2 si lazima awe na kiti chake mwenyewe. Kwa kawaida anapakatwa. Katika safari za kimataifa nauli yake huwa karibu asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Wazazi wakisikia hivyo wanafurahi, na ni haki yao, kwa kuwa nauli ya Marekani si pesa kidogo. Kwa mkulima ni magunia mengi ya mpunga.

Lakini tutulie kidogo tuifikirie hiyo asilimia 10. Je, zile nyingine 90 zimesamehewa? Hapana. Shirika la ndege halikutoa kiti, kwa hiyo halikudai pesa ya kiti. Kiti ni mapaja ya mama. Mtoto wa mwaka mmoja ana uzito wa kama kilo 9 au 10. Chukua mfuko wa kilo 10 wa mchele wa pishori, uweke mapajani tangu saa tano usiku hadi saa nane mchana siku ya pili, kula ukiwa nao, jaribu kulala ukiwa nao, nenda nao msalani. Kisha kumbuka kwamba mfuko wa mchele haupigi mateke, hauombi maji, wala haulii.

Ndiyo maana nasema kwamba bei rahisi haifuti gharama. Huihamisha tu, ikatoka mfukoni ikaingia mwilini mwa mtu fulani. Kuhamisha gharama namna hiyo si kosa. Watu wasio na pesa nyingi wanafanya hivyo kila siku, na ni busara yao. Kosa huanza pale ambapo anayeihamisha si yeye atakayeibeba, wala hakumwuliza atakayeibeba.

ANAYECHAGUA NA ANAYEBEBA

Tuchukue mfano. Mume yuko Marekani mwaka wa tatu sasa. Anafanya kazi zamu mbili, mchana na usiku, ili aweze kuwaita mkewe na watoto wake wawili, wa miaka minne na wa miezi kumi na minne. Siku ya kununua tiketi anaona njia mbili. Moja inakwenda moja kwa moja. Nyingine inabadilisha ndege mara mbili, na katikati kuna kungoja saa tisa uwanjani, lakini inaokoa, tuseme, shilingi 60,000. Ananunua ile ya pili, anampigia mke simu kwa furaha na kumwambia, “Nimepata bei nzuri.”

Je, bwana huyu amekosea? Tusiharakishe kumhukumu. Hizo shilingi 60,000 ni jasho lake, na huenda ni kodi ya nyumba ambayo mke atafikia. Hakuzitupa katika anasa. Akilaumiwa, anaweza kusema kwa haki kabisa, “Na mimi mgongo unaniuma, nani amenihesabia?”

Hata hivyo kuna jambo moja hakulitenda. Alipima njia hizo mbili kwa mizani ya pesa peke yake, kwa sababu pesa ndiyo sehemu ya gharama iliyokuwa mkononi mwake. Zile saa tisa za kungoja hakuziona, kwa kuwa hazikuwa zake. Hakumwona mke amesimama mlangoni mwa choo cha uwanja wa ndege, mtoto mmoja mgongoni, mwingine anabana miguu, na mizigo ya mkononi imekosa wa kuichunga. Wahenga wamesema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usufi ni mwepesi. Kanda lake hata likijaa halimchoshi anayelitazama. Methali hii haisemi kwamba mtazamaji ni mtu mbaya. Inasema tu kwamba macho hayana mizani.

Basi kanuni ya kwanza kwa wanandoa iwe hii: atakayebeba na awepo wakati wa kuchagua. Mume aseme, “Mama watoto, njia hii inaokoa kiasi hiki, lakini itakuongezea saa hizi. Wewe unaonaje?” Pengine mke atasema, “Chukua ile nafuu, nitavumilia, hizo pesa tutanunulia kitanda cha watoto.” Safari ni ile ile, uchovu ni ule ule, lakini sasa jambo limebadilika kabisa. Uchovu uliokubaliwa na mtu kwa hiari yake ni zawadi anayoitoa kwa nyumba yake. Uchovu aliobebeshwa bila kuulizwa ni deni, na madeni ya namna hii hudaiwa wakati mwingine, kwa maneno makali, juu ya jambo jingine kabisa, na mume atashangaa ghadhabu hiyo imetoka wapi.

SHERIA INARUHUSU, LAKINI INATOSHA?

Wengine watauliza: kama sheria inaruhusu mtoto kupakatwa, tuna haja gani ya kusumbuka?

Kuna tukio ambalo limewafanya watu wa ndege wabishane kwa miaka mingi. Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya shirika la United, safari namba 232, ilianguka Sioux City, Marekani, ilipojaribu kutua ikiwa imeharibika. Watu 112 walikufa na 184 wakapona. Ndani yake walikuwamo watoto wanne waliokuwa wakipakatwa. Wazazi waliagizwa kuwalaza sakafuni na kuwashikilia, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, na mmoja wa watoto hao hakupona. Mhudumu mkuu wa ndege hiyo, Jan Brown, ndiye aliyetoa agizo hilo kama alivyofundishwa. Baadaye alitumia miaka mingi kudai kila mtoto awe na kiti na mkanda wake.

Wakuu wa usafiri wa anga wa Marekani wanawashauri wazazi kumpa mtoto kiti chake, lakini hawakulazimisha. Sababu waliyoitoa mwaka 2005 inafaa kufikiriwa. Walisema kwamba nauli ikiongezeka, familia nyingi zitaacha ndege na kusafiri kwa gari, na barabarani watoto wengi zaidi watakufa kuliko wale watakaookolewa angani. Sheria ilipima hali za watu wengi kwa pamoja, ikachagua lililo na madhara machache.

Sitaji habari hii ili kuwatia hofu. Ajali za ndege ni chache sana, na safari yenu ya kutoka Mwea hadi uwanjani ndiyo inayohitaji sala zaidi. Naitaja kwa sababu inatufundisha maana ya ruhusa. Sheria ikiruhusu jambo, inasema tu kwamba haitakuadhibu. Haikuambii kwamba jambo hilo ndilo bora kwa mtoto wako, wala haikuondolei kazi ya kufikiri. Wanandoa wenye uwezo wa kununua kiti cha tatu wakae chini waulizane kama pesa hizo zina kazi nzuri zaidi. Wasio na uwezo wasijione wazazi wabaya. Wampakate mtoto wao kwa moyo mweupe, na ndege ikitikisika wamshike vizuri kama wahudumu watakavyoelekeza.

TUJIFUNZE KWA MFEREJI

Sasa tuseme mume na mke wanasafiri pamoja. Hapa ndipo wengi wanapodhani kwamba tatizo limekwisha, kumbe linaanza. Ndege imepaa, chakula kimeletwa, bwana amefunika masikio, anatazama filamu, kisha analala. Bibi amempakata mtoto. Baada ya saa sita bwana anaamka na kusema kwa upole, “Ukihitaji msaada uniambie.”

Maneno hayo ni mazuri kwa sura. Lakini tazama yanavyosema kazi ni ya nani. Anayesaidia ni yule ambaye kazi si yake. Jirani husaidia. Baba hasaidii kulea mtoto wake, kama vile mkulima hasaidii kupalilia shamba lake mwenyewe. Tena kule kusema “uniambie” kunamwongezea mama kazi nyingine: ambebe mtoto, na vilevile awe msimamizi wa zamu ya mwenzake.

Sisi wa Mwea hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mpunga wetu hulimwa kwa maji ya mito ya Thiba na Nyamindi, yanayopita katika mifereji mikubwa na midogo. Kwa miaka mingi, mpaka bwawa la Thiba lilipokamilika mwaka 2022, maji yalipopungua yaligawanywa kwa zamu. Kila mkulima anajua tabia ya mfereji: aliye karibu na mlango wa maji anaona maji tele, na aliye mwisho anapata yaliyobaki. Yule wa juu si lazima awe mwizi. Anaweza kuwa mtu mwema ambaye hajawahi kutembea mpaka mwisho wa mfereji kuona hali ilivyo. Ndiyo maana ugawaji wa maji haukuachwa kwa wema wa mtu mmoja mmoja. Uliwekewa zamu inayojulikana, ili wa chini asilazimike kwenda kuomba kila mara.

Fanyeni hivyo hivyo. Kabla ya kuondoka nyumbani pangeni zamu, kwa mfano saa mbili mbili au tatu tatu. Zamu ya baba ikifika, baba anampokea mtoto bila kuombwa, anabadilisha nepi, anatembea naye kwenye njia ya katikati, na mama analala. Kulala maana yake ni kulala kweli, si kufumba macho huku akisikiliza kama mtoto amepewa maziwa sawasawa. Na hapa akina mama nao wana wajibu. Usimpe mwenzako zamu kisha ukamsahihisha kila dakika jinsi anavyomshika mtoto. Anayenyang'anywa kazi kila anapoianza ataiacha.

Pengine utasema, “Lakini mtoto ananyonya, hata tukigawa zamu hatuwezi kuwa sawa.” Ni kweli, nami sidai usawa wa saa kwa saa. Mwili wa mama unafanya lile ambalo wa baba hauwezi, na hiyo ndiyo sababu yale mengine yote yasiyohitaji ziwa yawe ya baba kwanza: mtoto mkubwa, mikoba, pasipoti, foleni, chakula kilichomwagika. Mtume Paulo alipowaandikia Wagalatia aliwahimiza kubebeana mizigo, na mistari michache mbele, katika sura ile ile ya sita, akasema kwamba kila mtu atabeba mzigo wake mwenyewe. Watu wengine huona kwamba maneno hayo yanapingana. Katika ndoa hayapingani. Kuna mzigo ulio wangu tu, usioweza kubebwa na mwingine, na kwa sababu ninao huo, mwenzangu anaweza kunipokea ule mwingine.

NA WALE WALIOKAA KARIBU NASI?

Liko bado swali la wenzetu ndani ya ndege. Wao pia wamelipa. Wengine wanakwenda kuzika, wengine kazini kesho yake asubuhi. Mtoto akilia saa nzima, je, tumewakosea?

Dunia inaanza kulijibu swali hili kwa pesa. Mwaka 2023 shirika moja la ndege la Ulaya, Corendon, lilitenga sehemu ya watu wazima peke yao katika safari zake kati ya Amsterdam na Curaçao, kwa kulipa euro 45 zaidi. Mtu anaweza kununua utulivu, wala si dhambi. Lakini tukumbuke pia desturi yetu nyingine. Katika matatu ya kutoka Ngurubani, mama akipanda na mtoto, mzigo na mwavuli, mtu asiyemjua humnyoshea mikono na kusema, “Lete mtoto nikushikie.” Hapo hakuna aliyeuliza mtoto ni wa nani. Kulia kwake kunahesabiwa kuwa sehemu ya safari, kama vumbi na matuta.

Nadhani jibu liko hivi. Mtoto hana kosa kwa kulia, kwa kuwa hana lugha nyingine. Wazazi pia hawana kosa kwa kuwa na mtoto. Kila aliyemo ndani ya ndege ile aliwahi kumlilia mtu sikioni. Tunachowiwa na wenzetu ni juhudi: tujiandae, tusimwache mtoto apige teke kiti cha mbele wakati sisi tunatazama filamu, tuombe radhi mara moja kwa heshima. Ukimya si deni letu, kwa maana hakuna mtu anayeweza kuuahidi kwa niaba ya mtoto mchanga. Kwa hiyo usiingie ndege ukiwa na aibu. Aibu humfanya mzazi amfinye mtoto ili kuwapendeza watu ambao hatawaona tena.

Hapa nina onyo moja zito. Wako wanaowapa watoto dawa ya mafua au ya kikohozi ili walale njiani. Msifanye hivyo. Mwaka 2008 idara ya dawa ya Marekani ilionya kwamba dawa za namna hiyo zinazouzwa bila cheti cha daktari zisitumiwe kwa watoto walio chini ya miaka 2, kwa sababu zinaweza kuleta madhara makubwa. Tena watoto wengine hawalali kabisa, bali huzidi kuhangaika. Hata kama zingekuwa salama, jiulizeni: mtoto huyu anapewa dawa kwa ajili ya ugonjwa wake, au kwa ajili ya raha ya wengine? Mwili wa mtoto si mahali pa kuhamishia gharama zetu. Mama anaweza kukubali kuchoka. Mtoto hana namna ya kukubali lolote.

Afadhali kujua sababu ya kilio. Hewa ndani ya Boeing 787 hulingana na ile ya mahali palipo mita 1,800 hivi juu ya bahari, karibu sawa na mji wa Nyeri. Uwanja wa Nairobi uko mita 1,600 na kidogo, kwa hiyo masikio hayasumbuki sana wakati wa kupaa. Taabu iko mwisho. New York iko pwani, na ndege inaposhuka huko, masikio ya mtoto yanatoka Nyeri mpaka usawa wa Mombasa kwa kama nusu saa. Mirija inayounganisha sikio na koo ni myembamba kwa watoto, na hufunguka wanapomeza. Basi mpe ziwa, chupa au maji wakati wa kushuka, si baada ya kutua. Akiwa amelala, mwamsheni ndege inapoanza kushuka.

SIKU YA KUFIKA

Kama mume alitangulia, yeye anangoja uwanjani na maua. Mke anatokea, nywele zimevurugika, maziwa yamekauka kwenye nguo. Neno la kwanza la mume lina uzito mkubwa. Asianze na “Mbona mtoto amekonda?” Asianze na habari za trafiki. Ampokee mtoto, kisha mkoba, kisha aseme, “Pole, mama watoto. Umetubebea.”

Usiku huo watoto wataamka saa nane, kwa kuwa miili yao bado iko Kenya, ambako ni saa tatu au nne asubuhi, nao wanataka uji. Hali hiyo inaweza kuendelea siku kadhaa. Hizo ni zamu za baba. Mwenzake amekesha safari nzima. Mwisho wa mfereji sasa ni zamu yake kupata maji.

Haya basi, kwa kifupi:

1. Chagueni tiketi pamoja, mkihesabu pesa na saa pia.

2. Mtoto wa kupakatwa ni mmoja tu kwa kila mtu mzima. Mama anayesafiri peke yake na mapacha ni lazima amnunulie mmoja kiti. Mtoto atakayetimiza miaka 2 kabla ya kurudi atahitaji kiti cha kurudia.

3. Ulizeni mapema kuhusu kijitanda cha mtoto kinachofungwa ukutani mbele ya viti vya kwanza. Ni vichache, na vina kipimo cha uzito.

4. Kila mtu mzima awe na nepi na nguo za mtoto katika mkoba wake, ili zamu isiwe ya maneno tu.

5. Mkigombana ndani ya ndege, msifanye uamuzi wowote mkubwa mpaka mmelala usiku mmoja mzima.

Na yafuatayo ni maswali ya kuzungumzia nyumbani, hata kwa wale ambao hawatapanda ndege kamwe:

Katika nyumba yetu, ni nini tunachokiita rahisi, na ni nani anayelipa kilichobaki?

Ni lini mara ya mwisho nilipotembea mpaka mwisho wa mfereji wa mwenzangu?

Ni mzigo gani wake ninaouona kanda la usufi?